Namba Nyuma ya Biblia

Mimi huanza na namba. Kabla sijaangalia kama gurudumu linazunguka, kabla sijauliza bei, natoa kitambaa mfukoni, nakilowesha mafuta taa kidogo, na kupangusa ile sehemu ya chini, upande wa kulia, ambapo kiwanda kiligonga namba ya mashini. Mtu wa skrepu husimama nyuma yangu akidhani napiga hesabu ya faida. Sipigi hesabu yoyote. Nasoma tu. Ikianza na F, najua ilitengenezwa karibu na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ikianza na Y, ni ya miaka ya ishirini au thelathini. Ikianza na EH, moyo unaruka kidogo, halafu nasoma tarakimu zinazofuata polepole, kama mtu anayesoma matokeo ya KCSE akiwa ameyafunika kwa kiganja.

Nilikuwa natafuta EH yenye tarakimu sita, nne za mwisho zikiwa 4417.

Namba hiyo imeandikwa nyuma ya Biblia ya shosho, huko Dundori. Kwenye ule ukurasa mtupu wa mwisho ameandika kwa wino siku za kuzaliwa za watoto wake saba, siku babu alipofariki, na hapo katikati, bila maelezo, neno "Mashini" na namba yake. Nikiwa mdogo nilidhani Mashini ni jina la mjomba aliyekufa kabla sijazaliwa.

Dundori iko juu ya Nakuru, kwenye barabara ya kutoka Lanet kwenda Ol Kalou, pale ambapo msitu unaanza na baridi inakuwa ya kweli. Huko ni waru, kabichi, maziwa na ukungu. Sisi tuliokulia mjini tulipelekwa huko kila likizo ya Desemba, na kitu cha kwanza ulichosikia asubuhi kabla ya jogoo ni ile mashini: taka-taka-taka, inanyamaza, mkasi, taka-taka-taka. Shuleni mwalimu alitufundisha kuiita cherehani. Nyumbani ilikuwa mashini tu, kama vile hakuna mashini nyingine duniani.

Ilikuwa Singer 15K, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu. Kwenye shingo yake ilikuwa na nembo ya shaba yenye ukingo wa buluu, na kwenye ukingo huo miaka miwili: 1851 na 1951. Nilikuja kujua baadaye kwamba nembo hiyo iliwekwa kusherehekea miaka 100 ya kampuni, na kwamba ile K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti. Kiwanda kilifunguliwa mwaka wa 1885. Kilikuwa na mnara wa saa yenye nyuso nne uliokuwa unaonekana mji mzima, na mwaka wa 1911 wafanyakazi kama 11,000 waliweka zana chini na kugoma. Kilifungwa mwaka wa 1980. Kiwanda hakipo tena, lakini stesheni ya treni ya pale bado inaitwa Singer.

Shosho hakujua lolote kati ya hayo na hakuhitaji kujua. Historia yake ya mashini ilianza mwaka wa 1968, mjini Nakuru. Mwaka mmoja kabla, sheria mpya za Kenya zilikuwa zimewabana Wahindi wasio raia: bila kibali huwezi kufanya kazi, bila leseni huwezi kufanya biashara. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, na Uingereza nayo ilikuwa mbioni kupitisha sheria ya kuwafungia mlango, iliyoanza tarehe 1 Machi 1968. Kwa hiyo Februari ile watu waliuza vitu kwa haraka. Fundi mmoja Mhindi aliuza mashini tatu kwa siku moja. Shosho alinunua moja, kwa pesa za pareto alizokuwa ameficha kwenye debe la unga.

"Alilia," shosho aliniambia. "Yule Mhindi. Alinionyesha kila kitu, mpaka mahali pa kutia mafuta, halafu akalia. Mimi nikaona haya kuwa na furaha."

Shamba lilikuwa na taito, na taito ilikuwa na jina la babu. Ng'ombe walikuwa wa babu. Pareto yenyewe ilichumwa na shosho lakini ilisajiliwa kwa jina la babu. Mashini ndiyo ilikuwa yake. Ndiyo maana aliiandika kwenye Biblia. Hakuna afisi ambayo ingemwandikia.

*

Mwaka wa 2011 nilikuwa darasa la sita. Shosho alishuka Nakuru kufanyiwa upasuaji wa macho, akakaa kwetu wiki mbili. Huku nyuma, mjomba wangu akatembelewa na wanaume wawili waliovaa koti.

Kama hujawahi kusikia hadithi ya zebaki nyekundu, ni hivi. Inasemekana ndani ya mashini za zamani za Singer kuna kitu kinachoitwa zebaki nyekundu, chenye thamani kuliko dhahabu. Wengine wanasema hutengeneza bomu, wengine wanasema huvuta majini. Mwaka wa 2009 uvumi huo uliikumba Saudia, na watu wakanunua mashini kuukuu kwa maelfu ya riyali. Kipimo chao kilikuwa simu: weka simu karibu na sindano, ikikatika, zebaki iko. Zebaki hiyo haipo. Haijawahi kuwepo. Ndani ya mashini ya Singer kuna chuma, mafuta na vumbi la nguo za watu.

Wale wawili walikuja na kipimo hichohicho. Mmoja akampigia mwenzake, akaisogeza simu ya mulika mwizi kwenye sindano, na simu ikakatika. Mjomba akashika kichwa. Mtu yeyote wa Dundori angeweza kumkumbusha kwamba ukisimama upande ule wa nyumba, msitu ukiwa mgongoni, simu hukatika hata ukiisogeza kwa sufuria ya githeri. Lakini hakuna aliyekuwepo, na wale watu walikuwa wametaja milioni mbili.

Walihitaji elfu arobaini tu za dawa ya kuitoa. Mjomba akauza mtamba. Wakafungua kichwa cha mashini kutoka kwenye miguu yake, wakakitia kwenye gunia, wakasema watarudi Jumatatu.

Shosho alirudi na macho mapya, na kitu cha kwanza alichokiona ni ile meza yenye tundu katikati. Hakupiga kelele. Alitandika kitambaa juu ya tundu na kuweka chupa ya chai. Mpaka leo chupa iko hapo. Kwa mjomba alisema neno moja tu, siku hiyo na hakurudia: "Wataivunja." Hakumaanisha pesa. Alikuwa anawaza wale watu wakiipasua kwa nyundo mahali fulani, wakitafuta kitu ambacho hakimo.

*

Nilianza kukusanya mashini bila kupanga. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kulala gizani. Kwa miezi kadhaa yadi za skrepu zilijaa na hakuna aliyeruhusiwa kuuza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, napitia yadi moja Nakuru kila siku nikielekea mahali pa kusambaza sivii. Siku moja nikaona shingo nyeusi ikitokeza katikati ya mabati, kama bata. Nikauliza bei. Jamaa akaangalia kushoto na kulia.

"Skrepu siuzi, buda. Serikali imekataa." Akanyamaza. "Lakini hiyo si skrepu. Hiyo ni mashini."

Nikalipa mia nane. Nikaibeba begani hadi Lanet. Ilikuwa imeganda kabisa. Nikajifunza kwa video na kwa mzee mmoja anayetengeneza mashini sokoni: usilazimishe gurudumu. Dondosha mafuta taa kwenye kila tundu, tone moja moja, uache ilale. Kesho yake tena. Siku ya nne ukilivuta gurudumu kuja kwako, linasogea kidogo sana, kama mzee anayeamka. Hapo unajua iko hai. Mashini hizi hazifi kirahisi. Mara nyingi kilichozizuia ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Kikasha cha bobini kikiwa kimepotea, unanunua cha Butterfly, ile ya Kichina, kwa sababu nayo ilifuata umbo la Singer 15 na vipuri vinaingiliana.

Baada ya mwaka nilikuwa na mashini kumi na moja kwenye bedsita. Mgeni akija anakaa kitandani kwa sababu hakuna pengine. Caretaker aliniuliza kama nafungua shule.

Lazima niseme pia kwamba si zote nilizihifadhi. Kuna soko. Wenye mikahawa Nairobi wanapenda ile miguu ya chuma yenye maua, wanaitolea kichwa na kuiwekea kioo juu, unakunywa latte hapo. Kuna duka la nguo la Uingereza, AllSaints, lililojulikana kwa kupanga mamia ya mashini kuukuu kwenye madirisha yake. Mashini zilizoshonea watu nguo zinatazama watu wakinunua nguo. Nilikuwa nacheka picha hizo, na huku nauza miguu.

Mwaka wa 2023 kijana mmoja wa Njoro alinipigia. Ana mashini ya kukanyaga, nzima, miguu na kichwa. Nikaenda. Ilikuwa Singer yenye Y, rangi yake ya dhahabu bado inaonekana. Nikatoa kitambaa changu, nikasoma namba, nikaiandika kwenye daftari kama kawaida. Halafu nikaona uzi. Uzi mweupe ulikuwa umepita kwenye tundu la sindano, na chini ya ule mguu wa kushikilia kitambaa kulikuwa na foronya iliyoshonwa nusu.

"Ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mathe. Siku hizi haitumii."

"Yuko wapi?"

"Ameenda kwa sista yangu Eldoret. Anarudi wiki ijayo."

Niliinua ule mguu. Nikaitoa foronya polepole, nikakata uzi, nikaikunja vizuri na kumpa. Nililipa elfu tatu na mia tano. Baada ya wiki mbili mashini ilikuwa kwenye mkahawa Nairobi, na mimi nilikuwa na elfu kumi na nne mfukoni, na kodi ilikuwa imelipwa.

Nimejiambia mambo mengi kuhusu siku hiyo. Kwamba mwana ndiye aliyeuza. Kwamba singenunua mimi, angenunua mwingine, na huyo mwingine angekuwa mtu wa zebaki na nyundo. Yote ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyeuona uzi.

*

Mwezi wa Aprili mwaka huu nilienda Ol Kalou kutafuta ukanda wa ngozi. Sikuwa natafuta mashini. Niliulizia kwa fundi mmoja aliyekuwa kwenye kibanda karibu na soko, mama wa miaka kama hamsini, akishona sare za shule. Sketi za kijani zilikuwa zimerundikana hadi kiunoni. Aliposimamisha miguu ili anijibu, nikaona nembo. Ukingo wa buluu.

Nilimwomba ruhusa ya kusoma namba. Akaniangalia vizuri.

"Kijana, kama ni mambo ya zebaki, toka. Walishakuja."

"Si zebaki, mama. Nataka kuona namba tu."

Sikuhitaji mafuta taa. Sehemu ile ilikuwa inang'aa kwa kupitiwa na nguo miaka yote hiyo. EH. Nikasoma tarakimu moja moja. Nikarudia. Nikatoa simu, nikafungua picha ya ukurasa wa Biblia, nikaweka kando ya namba.

Kichwa kilikuwa kimewekwa kwenye miguu ya Butterfly. Hakikuwa kimevunjwa popote.

Nilimweleza. Nadhani niliongea haraka sana. Nikasema ni mashini ya shosho yangu, iliibwa Dundori mwaka wa 2011, na niko tayari kulipa elfu ishirini, sasa hivi, kwa M-Pesa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akitoa pini kwenye sketi na kuzipanga mdomoni. Kisha akazitema kiganjani.

"Iliibwa na nani?"

Nikanyamaza.

"Nimeuliza, nani aliifungua kwa meza?"

"Mjomba wangu aliwapa watu."

"Basi haikuibwa. Iliuzwa na nyinyi wenyewe." Hakusema kwa ubaya. "Mimi niliinunua kwa mtu wa skrepu hapo nyuma, elfu nne na mia tano, mwaka wa 2012. Ilikuwa imeganda. Nimesomesha watoto watatu na hii. Namba ni yenu, sikatai. Lakini nikikupa, hizi sketi nitashona na nini? Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na mashini kumi na moja nyumbani, ningeweza kumpa mbili. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hivyo, halafu nikaona uzi wa kijani kwenye sindano na sketi chini ya mguu wa mashini, imeshonwa nusu.

Nilinunua ukanda wa ngozi. Mia tatu. Nikapanda matatu hadi Dundori.

*

Shosho huniita mzee wake, kwa sababu nilirithi jina la babu. Alikuwa jikoni akimenya waru.

"Shosho, nimeipata."

Hakuuliza nini. Kisu kilisimama.

"Waliivunja?"

"Hawakuivunja."

"Inashona?"

"Inashona. Sare za shule. Iko Ol Kalou."

Alimenya waru mbili zaidi. Miaka kumi na minne, na mashini ilikuwa umbali wa matatu moja. Nikamweleza kuhusu yule mama, watoto watatu, elfu nne na mia tano. Nikamwambia ningeweza kurudi na pesa zaidi, au na mzee wa mtaa, au na ile Biblia yenyewe.

"Mzee wangu," alisema, "miguu yangu hii itakanyaga nini?" Kisha, baada ya muda: "Lakini nipeleke nikaione."

Jumamosi iliyofuata tulienda. Alivaa kitambaa cha kichwa cha kanisani, na kwenye mkoba alibeba mkebe wa bati ambao sikuwahi kujua upo: bobini nne, bisibisi ndogo, na vile vifaa vya kupinda na kukunja ukingo wa nguo, vyote vya Singer, vilivyokuwa kwenye droo ya meza siku ile na wale watu hawakujua vina maana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hayakuja. Shosho alisalimia, akakaribishwa kwenye stuli, akaweka kiganja juu ya gurudumu na kuliacha hapo kwa muda. Kisha akashika sketi moja, akaigeuza, akaangalia mshono kwa karibu na yale macho yake ya 2011.

"Uzi wa juu umeukaza sana," akamwambia mama mwenye kibanda, kwa Kikuyu.

"Kile kikazio kina shida, cucu. Nikikilegeza, unafanya matundu."

"Haina shida. Hutia mafuta hapa." Akaonyesha mahali ambapo Mhindi alimwonyesha mwaka wa 1968.

Kuanzia hapo nilikuwa sina kazi. Waliongea kuhusu bei ya uzi, shule zinazochelewesha malipo, zipu za siku hizi. Mkebe ulibadilisha mikono katikati ya maneno bila mtu kuutangaza. Wakati wa kuondoka, shosho aliombwa alete kitambaa ashonewe, akasema ataona. Kwenye matatu alilala njia nzima. Hakusema kama amefurahi. Nami sijui kama alirudi nyumbani na kitu au aliacha cha mwisho alichokuwa nacho. Chupa ya chai bado iko juu ya lile tundu.

Usiku huo, Lanet, nilifungua daftari langu. Kila mashini iliyopita mikononi mwangu ina namba, hata zile nilizouza. Nikapata ile ya Njoro, ya Y, yenye foronya. Nikampigia mwenye mkahawa.

"Ile mashini, bro? Iko dirishani. Wateja wanapiga nayo picha."

Nikamuuliza anaweza kuniuzia kwa ngapi. Akacheka. Akataja elfu thelathini na tano.

Nimeuza tatu kati ya zile kumi na moja. Bado nina pengo la elfu tisa. Na nikishaipata, nitalazimika kwenda Njoro kugonga mlango, na safari hii sitamuuliza kijana. Nitamuuliza mama mwenyewe kama anaitaka.